Alama Yangu Nyumba

Jumatatu, 7 Oktoba 1974
Uji wa ulezi. Baridi. Wageni barazani kama kawaida. Wawili wanadai barabara ya Mpui, mmoja anataka mimi mbunge wake nimrudishie mke. Vijijini bado wananiita Mwalimu. Mjini mimi ni Mhindi wa Nyumba. Uchaguzi uliopita karatasi ya kura ilikuwa na picha mbili, jembe na nyumba. Mimi nilipewa nyumba. Baba, karani Mtamil aliyekuja na Waingereza, aliniachia neno moja tu la kwao: vidu. Nyumba. Nililitumia kwenye kampeni. Chagueni vidu, hakuna atakayelala nje! Watu walicheka, wakanipa kura.

Jumatano, 9 Oktoba
Kikao wilayani. Wanaokaa mbalimbali watahamishiwa kando ya barabara, kwenye kijiji cha ujamaa. Wiki ijayo. Kwa mama mkwe nako kumo. Niliomba wangoje mvua zipite. Nikaulizwa kama napinga chama. Nikasema sipingi. Nikanywa chai yao.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimemwambia mke wangu Anastazia habari za kwa mama yake. Ameweka ugali mezani, ametoka.

Jumanne, 15 Oktoba
Nimekwenda. Mgambo walikuwa juu ya paa. Nyasi zilichomwa, kuta zikasukumwa. Mzee mmoja niliyemfundishia watoto aliuliza, "Mwalimu, ndiyo nyumba tuliyoichagua hii?" Sikuona uchungu wala hasira. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumatano, 16 Oktoba
Kijiji kipya ni uwanda mtupu na vigingi. Upepo tu. Tangu nioe, mama mkwe husema nami akiwa nyuma ya mlango. Heshima ya ukwe. Hatujawahi kutazamana. Leo nilimkuta kauokoa mlango, kauegemeza kwenye nguzo. Hakuna ukuta, hakuna paa. Aliponiona alikwenda nyuma ya mlango huo.
"Karibu, Baba Rosa. Kiti sina."
Nilisimama upande wangu. Miguu yake ilionekana chini ya ubao. Nikamwahidi kwamba nitalisema hili bungeni. Akashukuru. Bora angenitukana.

Ijumaa, 22 Novemba
Dar es Salaam, bungeni. Joto. Swali nilikuwa nalo mfukoni, kwa nini watu wamevunjiwa kabla ya kujengewa. Nilisimama. Nikauliza habari za barabara ya Mpui. Nikajibiwa vizuri. Nikakaa.

Jumapili, 1 Desemba
Nimerudi. Mvua kubwa. Mama mkwe analala chini ya turubai, na kikohozi kimemkaa kifuani. Anastazia alitaka kumleta kwetu. Mwenyewe amekataa. Hawezi kulala nyumba moja na mkwe.

Jumatatu, 8 Septemba 1975
Chama kimenirudisha kugombea. Alama zimegawiwa. Nyumba tena. Mpinzani wangu, bwana shamba wa Kaoze, kapata jembe. Anastazia alicheka peke yake jikoni. Muda mrefu sijamsikia akicheka.

Jumamosi, 4 Oktoba
Mkutano wa kampeni kwenye kijiji kipya. Nikasema chagueni nyumba. Hakuna aliyecheka. Neno la baba sikulitaja. Nikateremka jukwaani.

Jumapili, 26 Oktoba
Misa, kisha kura. Nilikaa na ile karatasi mpaka msimamizi akakohoa. Nimerudi nyumbani, nimelala mchana kutwa.

Alhamisi, 30 Oktoba
Nimeshindwa. Vibaya. Barazani hakuna mtu. Nimefagia mwenyewe.

Jumapili, 2 Novemba
Nilikwenda kwa mama mkwe na mzigo wa nyasi. Wanawe wamemjengea chumba kimoja, bado upande mmoja wa paa. Mlango uko mahali pake. Nilibisha, nikasubiri. Alinisalimia kutoka ndani, akauliza hali ya mjukuu wake Rosa.
"Baba Rosa, nisikufiche. Mimi nilichagua jembe."
Nikamwambia hata mimi.
Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Nilingoja kipoe, nikapanda kuezeka.