Ukuta Uliousifia, Anselmi

Anselmi, mtani wangu, Mnyamwezi wa watu,

Usiniulize habari. Habari zako wewe ndizo zimenishikisha kalamu, mie niliyejifunzia kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, mkono umezoea mwiko wa uashi. Herufi kubwa, mistari inapanda mlima, utasoma hivyo hivyo. Sikutaka mtu aniandikie. Watu nimeshawaona.

Siku tunakuzika hapa Pugu nilitimiza utani wote. Niliingia kaburini kabla yako, nikajilaza chali, nikasema Mnyamwezi hapati nafasi kwenye ardhi ya Wazaramo mpaka nipewe jogoo. Watu wakacheka huku wanalia. Jogoo nikapewa, nikatoka. Ningeyajua ninayoyajua leo, nisingetoka hata kwa ng'ombe.

Sikiliza sasa. Ulipoondoka, Mama Nandonde wa Chamazi, yule mwenye karakana ya vinyago, aliniita nimjengee chumba cha pili cha kukaushia mpingo. Cha kwanza tulijenga wote, mie na wewe. Ukuta nikaupandisha. Kutoka Mbagala mpaka Kinyerezi hakuna fundi anayepandisha ukuta kama mie, na sijisifu, ndivyo ilivyo. Mchoro ukasema joto litakalotoka ukutani liwe mia na hamsini. Vile vibao vya umeme vya kupashia joto, mitumba ya ng'ambo, mgongoni vimeandikwa mia na hamsini. Nikasema, mbona rahisi? Mia na hamsini huku, mia na hamsini kule. Nikavipanga ukuta mzima, ubavu kwa ubavu, kama vigae vya chooni.

Mpingo ukapasuka, Anselmi. Ta! Ta! Kama bisi kwenye sufuria. Vinyago alivyochonga Mama Nandonde na wanawe, vyote vimefunguka vifua. Yule mama hakunigombeza. Alikaa tu mlangoni, ameshika kichwa cha kinyago, mwili uko kwingine.

Nikamwita binti yako Veronika, maana si anafundisha chuo cha ufundi? Akaja, shikamoo baba mdogo, akageuza kibao, akasoma yale maandishi madogo niliyodhani ni jina la kiwanda. Akasema namba ya mchoro ni wati kwa mita ya mraba. Ya kibao ni BTU, hizo wanazotajaga wauza viyoyozi, kwa futi ya mraba, kwa saa. Moja ya kibao ni tatu na ushee za mchoro. Yaani nilimmiminia yule mama joto mara tatu.

Hapo bado sijaumia. Kukosea vipimo, fundi gani hajakosea? Kilichonichoma ni neno alilosema mwanao anajipangusa vumbi: "Lakini baba alikuwaga anazidisha kichwani kila mkifunga vibao. Hukujua?"

Anselmi. Mie nilidhani unasali.

Si unachuchumaa mbele ya kibao, unafumba jicho moja, midomo inacheza? Nikasema Mkatoliki huyu anamwombea mteja. Nikawa nanyamazisha hata vibarua, tulieni nyie, mtu yuko kwenye ibada! Ukimaliza unainuka, unaniambia, "Saidi, toa viwili, acha kimoja. Toa viwili, acha kimoja." Nikiuliza kwa nini, unaupiga ukuta kofi: "Ukuta wako huu, mtani! Unatunza joto mpaka kibao kimoja kinafanya kazi ya vitatu."

Nikaamini, nikajua mpaka wewe uupige ukuta kofi ndipo vibao vinapunguzwa; safari hii hukuwepo, ndiyo maana nikavijaza vyote. Nikatembea na maneno hayo Temeke nzima. Harusini, msibani, kwenye kahawa. Wakwe zangu wameyasikia mpaka wanayamalizia wenyewe. Na kumbe Mama Nandonde alikuwa anajua, ulimwambia, "Mzee Saidi ukimwambia hajui, anabeba mwiko wake anaondoka." Ni kweli ningeondoka! Lakini ningerudi. Lini niliondoka nisirudi?

Ungenitukana tu. Sie watani, tusi halina kesi. Umeitukana pua yangu, umelitukana kabila langu, umelitukana pilau la mke wangu na yeye anakupakulia. Hilo moja ndilo ukalionea haya? Anayesifiwa uongo ni mgeni, mtu unayetaka apite aende zake. Mie nilikuwa mgeni wako?

Vibao nimevitoa. Viwili nje, kimoja ndani, mpaka mwisho wa ukuta. Hesabu nimezidisha mwenyewe, kwa chaki, sakafuni, Veronika kasimama pembeni. Mama Nandonde akaingiza magogo mengine, roho mkononi. Yamekauka taratibu, hakuna hata ufa wa kupitisha uzi. Akaupiga ukuta kofi, kama wewe, akasema, "Mzee wangu, ukuta wako huu mzuri."

Sikumwamini. Nilimtazama usoni nione kama na yeye anafumba jicho.

Umeona ulichonifanyia? Nimezeekea kwenye mwiko, na leo sijui kama najua kujenga. Wa kumuuliza ulikuwa wewe tu, na wewe ndiye nisiyeweza kukuamini.

Sasa Veronika ananiomba nikujengee kaburi. Nilitaka kumwambia akatafute Mnyamwezi mwenzio. Mdomo ukasema ndiyo kabla yangu. Nitalijenga kwa tofali za kuchoma, peke yangu, kibarua asiguse.

Basi lala, mtani. Ninachokuahidi ni hiki: ukuta wako sitaufanyia hila hata tofali moja. Wateja wangu wote wanauonaga ukuta kwa nje. Wewe utakuwa wa kwanza kuutazama kwa ndani, na nafasi ya kuukagua unayo. Ukiuona mbovu, njoo ndotoni unitukane, pua, pilau na vyote. Ukiuona mzuri, nakuomba sana, Anselmi, usinisifie.

Mie,
Saidi, Mzaramo wako