Kofia za Fimbo na Goti la Mzee

Ni mwaka mmoja sasa tangu uweke sindano chini, Bibi, na tunajivuna kukwambia kwamba kofia za fimbo za gofu bado zinatoka humu ndani kama ulivyotuachia.

Zinatoka, ndiyo, na zinarudi. Yule mbeba fimbo wa kiwanjani uliyempachika jina la Miguu Mirefu katurudishia nyingine juzi. Aliivuta mbele ya Shangazi, akaivuta tena. "Dada, hii ni ya fimbo au ya kikombe?" Shangazi akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

Hukuwahi kucheza gofu hata siku moja. Ulisema ni watu wazima wanaofukuza kipira juani, wao wanatoka jasho halafu fimbo ndiyo inavishwa sweta. Hata hivyo hukukubali fimbo ya mtu itembee uchi. Daktari wa meno ulimfumia ya kijani, kwa kuwa ni mkimya. Mwalimu mkuu ulimfumia yenye mistari ya kila rangi, "ili ajifunze kucheka." Ukikosea mstari mmoja ulifumua kofia nzima, huku ukiisema sufu kama mtoto mtundu.

Futi ya kupimia hukuwa nayo. Ulisema kichwa cha ile fimbo kubwa na goti la mumeo ni mapacha. Jioni Babu akisikiliza redio, ulimwambia, "Lete mguu, Mzee," naye akapandisha suruali bila hata kugeuka.

"Nilidhani nimeoa, kumbe nimeajiriwa."

"Ungekuwa umeajiriwa ungeshafukuzwa. Kunja goti."

Tangu uondoke, Bibi, goti hilo halitaki kofia. Shangazi alimwomba kwa upole, akajibiwa kwamba linauma. Mimi nilimwomba kwa utani, akazima redio akaenda kulala jua lingalipo. Sasa tunapimia langu, nalo ni la kuku, ndiyo maana kofia zinabana.

Kofia tutazifumua. Mzee ndiye hatujui tumshike wapi. Anakula kidogo, anaitika kidogo, na jioni ikikaribia anasogeza kiti chake mbali na kapu la sufu. Tunaogopa, Bibi. Tunamwona anapungua na sisi tupo hapa hapa. Tungejua ulikuwa ukimwambia nini katikati ya mizaha ile, tungemwambia.

Unakumbukwa na mumeo. Binti yako, Shangazi yetu, anayekaa sasa kwenye kiti chako. Mwanao dereva, ambaye mkono wa gia wa gari lake bado umevaa kofia yako na hataki iguswe. Wajukuu zako wote wenye magoti membamba. Na Miguu Mirefu, aliyesema tukimsahau katika tangazo hili la kumbukumbu hatabisha hodi tena.

Mwishoni nilikuwa nimeandika kwamba pengo lako lipo, ila namshukuru Mungu tumeshazoea. Nikamsomea Shangazi kwa sauti ya mtangazaji. Sikujua Mzee yuko mlangoni.

"Kazoea nani?" akauliza.

Shangazi akainamia uzi wake. Mimi nikachukua kalamu.

Mstari huo nimeukata, Bibi. Tutakukumbuka siku zote, hivi hivi, bila kuzoea.