Siku Mbili kwa Mkwe, Kabla ya Meli

Bandarini Durban,
2 Desemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka chini kabisa ya meli, huku kwenye chumba cha kufulia, ambako hakuna dirisha na mashine hazinyamazi. Mimi ni mzima. Mgongo wako unaendeleaje? Na ng'ombe mweusi amezaa, au bado anatuchezea?

Mama, mambo ya safari yamekubalika. Meli itaondoka Mombasa Jumapili tarehe 2 Februari, iende Zanzibar na Ushelisheli, irudi baada ya siku tisa. Unakumbuka kampuni humruhusu mfanyakazi alete wazazi mara moja kwa bei ya chini. Majina niliyoandikisha mwaka jana bado yapo, lako na la Baba. Kitanda cha pili hakijabadilishwa jina. Sikuweza kuliondoa. Ukitaka tumwandike mtu mwingine, nieleze.

Shida yangu ni Nairobi. Kuna barua ya kupanda meli ambayo lazima uichukue mwenyewe kwa wakala wetu, na anafungua Jumatano na Alhamisi tu. Kwa hivyo nimepanga hivi: Jumatano unatoka Keroka kwa basi la asubuhi, unalala Nairobi siku mbili, Ijumaa asubuhi unapanda treni, saa nane mchana uko Mombasa kabla Sabato haijaingia. Jumamosi unapumzika kwa akina mama wa kanisa la huko. Jumapili ninakuona.

Hoteli za katikati ya mji nimezitazama, bei zake ni za kutisha. Vyumba vya wageni vya kanisa vimejaa, wana mkutano. Nimeongea na dada Linda. Yeye na mumewe Mose wanasema uje kwao Embakasi, nyumba ni ndogo lakini kuna sebule. Hutalipa hata senti.

Niambie ndiyo, Mama.

Binti yako,
Sheila

*

Gesima,
9 Desemba 2024

Kwa Sheila binti yangu,

Bwakire, umeamkaje. Nimeisoma barua yako kwenye simu ya Mokeira wa jirani, na hii pia yeye ndiye ataipiga picha akishamaliza kuchuma majani chai. Mgongo unauma upande mmoja, ule wa kikapu. Ng'ombe alizaa ndume, kwa hivyo hatujapata cha kujivunia. Wewe unakula? Chumba kisicho na dirisha si chumba, ni ghala.

Sasa nikuulize. Hiyo meli imekupeleka nchi ngapi hata ukasahau kwenu? Umekumbuka Sabato ukasahau chinsoni, haya ya mtu na mkwewe! Mimi nilale paa moja na mume wa mwanangu? Nijifunike blanketi sebuleni, naye apite na taulo begani akienda kuoga? Choo ni kimoja, Linda aliniambia mwenyewe. Nitoke chooni mimi, aingie Mose? Mama mkwe na mkwe hata kupeana mkono hawapeani, wewe unatupanga kama wanafunzi wa bweni!

Na huyo Mose unamtaja kama hujui. Mimi nina neno langu na Mose. Lilianza kaburini kwa Baba yako na halijaisha.

Kuhusu kitanda cha pili, usimwandike mtu. Pasipoti ya Baba yako ilitoka wiki moja baada ya kumzika. Iko hapa kwenye kabati. Kwenye picha amekunja uso kwa sababu mpiga picha alimkataza kucheka, naye akaniambia tulipotoka nje, “Drusilla, huko baharini watadhani nimekuja kuwapiga.”

Kile kijiti chake pia kipo. Ulipomwambia meli yako ina urefu wa mita mia mbili alitoka na panga, akahesabu hatua kutoka mlangoni hadi katikati ya chai, akakichomeka. “Hapa ndipo pua ya meli.” Wachumaji wanakizunguka mpaka leo. Sijamruhusu mtu akiguse.

Tafuta mahali pengine.

Ni mimi Mama yako

*

Baharini,
18 Desemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo kutoka mbali. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa umepoa kidogo. Mimi ninakula, usihofu. Leo nimekunja shuka mia nne.

Nisamehe kuhusu chinsoni. Sikusahau. Nilidhani labda kwa siku mbili tu Mungu angetazama upande mwingine. Watu wengi wa kwetu walio Nairobi wanabanana hivyo hivyo, Mama. Nyumba za huko hazikujengwa na mtu anayejua chinsoni.

Nimetafuta tena. Kuna lojing' karibu na vituo vya mabasi, ghorofa ya tatu, ina maji ya moto na mlinzi mlangoni. Bei yake ninaiweza. Kuna msichana wa kazi hapa aliyelala pale, anasema ni pasafi, kelele tu ndizo nyingi. Linda atakuja kukutazama jioni.

Hilo neno ulilo nalo na Mose, si uliache? Miezi sita imepita.

Binti yako,
Sheila

*

Gesima,
27 Desemba 2024

Sheila,

Hatujambo. Krismasi ilikuja ikapita, hatukuchinja. Natumaini mlipewa hata soda.

Lojing'! Mjane wa Machogu, aliyekuwa mzee wa kanisa, apande ngazi za lojing' na mfuko wake mkononi, mlinzi amwangalie juu na chini. Nikiulizwa ninamtafuta nani, nijibu nini? Tena kelele. Kelele za nini? Huyo msichana alikueleza kelele za nini?

Unasema niache neno langu. Kaa chini basi nikueleze, kwa kuwa hukuwepo. Sikulaumu. Uliniambia meli ilikuwa katikati ya maji, na meli haina kituo cha kushukia. Lakini hukuwepo.

Siku ile kabla jeneza halijatolewa nyumbani nilisema mbele ya watu wote, hakuna kupiga picha. Nilisema, “Huyu ni baba yenu, si sinema.” Siku hizi watu wanafika matangani kama wametumwa na televisheni. Kila mtu aliniheshimu. Lakini mkwe wangu, yeye ambaye hakutakiwa hata kunisogelea, alisimama kwenye rundo la udongo, koti lake la kijivu limefungwa vifungo vyote, akainua simu juu ya vichwa vya watu. Si mara moja! Mchungaji anaomba, simu iko juu. Wanaimba, simu iko juu. Tryphosa, shangazi yako, alimvuta mkono, naye akabadilisha tu akashika kwa ule mwingine.

Sikusema kitu kwa sababu chinsoni ilinifunga mdomo. Mtu hamgombezi mkwe. Hiyo heshima inanifunga mimi, yeye haimfungi? Picha zenyewe aliwaonyesha akina nani? Walikuwa wanazitazama wakinywa chai huko kazini kwake?

Mimi mwenyewe sikumbuki kitu cha siku ile. Niliinamisha kichwa. Nakumbuka viatu vya watu, basi. Kimoja kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya mkonge.

Kwa hivyo sikiliza. Kwa Mose siendi. Lojing' siendi. Na kama njia ya kufika kwenye meli ni hizo mbili tu, hata meli nimeiacha. Kijiti chetu kinanitosha.

Mama yako

*

Bandarini Port Louis,
4 Januari 2025

Mama,

Nimeisoma barua yako mara tatu, ya mwisho nikiwa nimesimama kwenye mashine ya kupiga pasi hadi msimamizi akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo. Salamu nitakutolea siku nyingine, leo acha niseme.

Mimi ndiye niliyemtuma Mose.

Usiku wa kuamkia mazishi nilimpigia simu nikilia. Nilimwambia, “Shemeji, Mama amekataza, lakini mimi sina macho mengine huko ila yako.” Alikataa. Aliniambia, “Sheila, huyo ni mama mkwe wangu. Unajua unachoniomba?” Nikamsihi. Mwishowe akasema, “Sawa. Lakini usimwambie. Akasirike na mimi. Wewe uko mbali, hasira ya mbali haiponi.”

Alichukua vipande kumi na moja vya video, kwa sababu mtandao wa Gesima haukuweza kubeba kitu kirefu. Alinitumia mimi peke yangu. Akafuta kwenye simu yake siku hiyo hiyo. Hakuna aliyevitazama akinywa chai, Mama. Hata Linda hajaviona.

Nimetazama vipande kumi. Namwona Baba akitolewa mlangoni. Nakuona wewe, leso yako ya buluu. Kipande cha kumi na moja ni pale wanapomteremsha. Sijaweza kukifungua. Kila meli ikitia nanga nasema leo, halafu nakunja shuka.

Ungenikasirikia mimi tangu Juni. Nilimwacha Mose abebe mzigo wangu kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu. Hilo ndilo kosa, na ni langu.

Sheila wako

*

Baharini,
23 Januari 2025

Mama,

U mzima? Siku kumi na tisa hujajibu. Nilimwomba Mokeira aje akuone, anasema unachuma chai kama kawaida na ukiulizwa juu yangu unauliza bei ya mbolea.

Zimebaki siku kumi. Sitakusukuma. Ukija, wakala bado anafungua Jumatano na Alhamisi. Linda anasema Mose amepata kazi ya kuchomelea mageti Naivasha wiki hiyo yote, kwa hivyo nyumba itakuwa ya wanawake watupu. Chinsoni haitavunjwa.

Usipokuja, nitasimama tu pale mlangoni nione wazazi wa wenzangu wakipanda.

Binti yako, kama bado nakubaliwa,
Sheila

*

Mombasa, kwa akina mama wa kanisa,
Jumapili 2 Februari 2025, asubuhi

Kwa Sheila,

Barua hii haitapigwa picha. Nitakupa mkononi, uisome ukiwa peke yako, kwa sababu nikianza kuyasema nitalia mbele ya Wazungu, na sikufunga safari yote hii kwa hilo.

Nimeamka salama. Joto la hapa ni la jikoni. Treni ilikuwa nzuri, nilikaa dirishani.

Bado nina hasira, ujue hivyo. Miezi saba na nusu mmenifanya nimchukie mtu bure! Nilimnyima salamu kupitia kwa Linda. Pasaka iliyopita nilimtumia ndizi, Desemba sikumtumia. Na nyinyi wawili mmenyamaza, mmoja anakunja shuka, mwingine anachomelea vyuma. Nikawa mjinga peke yangu.

Sasa sikiliza kilichotokea Embakasi. Linda alinipokea vizuri. Aliniambia nilale kitandani kwao, nikamwuliza kama ana akili. Mzazi alale kitanda cha mtoto wake na mkwe? Nililala sebuleni, naye akatandika chini kando yangu akasema hawezi kulala juu mama yake akiwa kwenye kochi. Basi kile kitanda kilikaa wazi siku mbili, kimetandikwa kama cha maonyesho.

Alhamisi asubuhi nilifungua dirisha nimwage maji ya uso. Ng'ambo ya barabara kuna karakana. Mtu alikuwa ameinama kwenye bomba la nje, ananawa. Koti lilitundikwa kwenye geti. Koti la kijivu, vifungo vyote.

Akainua kichwa tukaonana. Sheila, mtu mzima, mrefu vile, alijificha nyuma ya geti alilolitengeneza mwenyewe, na geti lenyewe ni la nondo! Namwona mwili wote, amejifunika uso kwa kiganja. Nami nikajificha nyuma ya pazia. Tukakaa hivyo, kila mtu anamheshimu mwenzake, hadi maji yangu yakapoa.

Nikamwita Linda. “Naivasha iko ng'ambo ya barabara siku hizi?” Ndipo akasema. Hakuna kazi ya Naivasha. Usiku wote wa Jumatano Mose alilala pale juu ya makaratasi ya katoni, na Alhamisi angelala tena, ili mimi nipate choo changu. Alimwambia Linda, “Mama asijue, ataona haya.” Huyo mtu anapenda sana mimi nisijue.

Nilikataza asilale tena pale. Akamtuma Linda aniambie kwamba kwa heshima zote, hapo hatanitii. Nikapika ugali na mboga za kienyeji na nyama, Linda akamvushia. Sahani ilirudi imepanguswa. Kupitia kwa Linda nikamwambia nilimkosea, na kupitia kwa Linda akasema hakuna neno. Maneno makubwa hivyo, yakavushwa barabara mara mbili na msichana mwenye kandambili. Nikirudi atapokea mkungu wa ndizi, ule wa karibu na bomba.

Barua ya wakala nimeipata. Yule kijana aliuliza, “Na mzee yuko wapi?” Nikamwambia ametangulia. Akaniambia basi nikimkuta Mombasa nimpe nakala yake. Nikaichukua.

Jana baada ya ibada hawa akina mama walinitembeza hadi mahali meli yako inapoonekana. Niliitazama kutoka mkia hadi pua. Nikafumba macho nikatembea kwa akili kutoka mlangoni kwetu hadi kwenye kijiti. Baba yako alipima sawasawa.

Sasa neno la mwisho. Kipande kile cha kumi na moja, usikifute. Mimi ndiye niliyekataza, na mimi ndiye sijui walimteremshaje. Watu hunieleza, nami naitikia, lakini ninachokiona ni viatu. Umeogopa kukifungua, nami nilikuwa pale nikaogopa kutazama. Hatujapitana.

Kwa hivyo ukimaliza zamu, uje chumbani kwangu na hiyo simu. Ukae kwenye kitanda cha Baba yako. Mimi nitakuwa kwenye changu. Uishike juu, kama Mose alivyoishika, tuone wote wawili.

Leso ya buluu ninayo.

Mama yako