Glasi ya Marehemu

Jumatano, 1 Novemba
Meza ya Sikukuu ya Wafu tuliyomwandalia marehemu baba mkwe imependeza, siwezi kukataa. Mishumaa, maua ya njano, chokoleti ya moto, na ile glasi ya maji — marehemu anafika na kiu. Lakini mbu! Nimeua mmoja shavuni kwa Lalo, mtoto wa miezi mitatu, akapasuka. Damu ya mwanangu kiganjani mwangu. Pyuu! Kuku wa sikukuu amenishinda kumla.

Jumamosi, 4 Novemba
Yamili, mkubwa wake Lalo, anaungua homa. Macho yanamuuma, miguu anasema "imevunjika, mama". Kliniki wamempima: dengi, homa ya mbu. Nesi kasema apewe maji mengi na dawa ya homa, aspirini hapana kabisa. Na alale ndani ya chandarua mchana kutwa, maana mbu hawa wanauma mchana. Mbu atakayemuuma yeye leo anaweza kumpelekea mdogo wake baadaye. Kwa mtoto mchanga si mchezo, kasema.
Vitanda vyao vya kamba vya kuning'inia nimevifunika vyote viwili kwa chandarua. Lalo simtoi humo hata kwa dawa.

Jumatatu, 6 Novemba
Nimemvaa jirani, Don Gaspar, kwa sababu ya matairi yake, nikidhani yanafuga mbu. Nimebwata mtaa mzima umesikia! Akanivuta mkono, nikaone. Matairi yamejaa udongo, kapanda pilipili. "Kaangalie kwako, Ligia," kaniambia, tena kwa upole. Afadhali angenitukana.
Nimekagua pipa, mtaro, bakuli la mbwa. Vyote vikavu. Wanatoka wapi, mashetani hawa?

Alhamisi, 9 Novemba
Gari la kupuliza dawa lilipita nikiwa dukani. Wametangaza kwa kipaza sauti, fungueni milango na madirisha. Narudi — nyumba imefungwa kama benki! Eti moshi ungeharibu chakula cha marehemu mezani. Mama mkwe huyo, kiti chake mbele ya meza, anajipepea.
Mume wangu Wilbert kwenye simu kutoka Cancún: "Mvumilie mama, bado ana msiba." Nyoo! Aje yeye amvumilie.
Yamili anakula, Mungu asifiwe.

Jumapili, 12 Novemba
Nimeona.
Nilisogeza picha ya mzee nifute vumbi. Nyuma yake vasi tatu na glasi nyingine, ya zamani. Maji kama supu iliyochacha. Na ndani yake viluwiluwi, wanajinyonganyonga, wanapanda kuvuta pumzi, wanashuka. Nimekimbilia uani kutapika.
Kumbe tangu mazishi, mwezi wa saba, mama mkwe hajamwaga hata mara moja. Anaongezea tu! "Midomo yake imegusa humo. Nimwage mate ya mume wangu?"
"Mama, hao ni mbu! Ndio waliomuuma mjukuu wako!"
"Mbu wako dunia nzima, mwanangu. Kiu ya Eleuterio iko hapa."
Nimemwaga vyote. Kwenye vasi nimeweka mchanga uliolowa, maua yanasimama vizuri tu. Mama mkwe kalia kimya kimya, kitambaa mdomoni. Nimemwonea huruma, na bado ile harufu iko puani mwangu.

Jumanne, 14 Novemba
Asubuhi mbu mwingine ndani ya chandarua cha Lalo. Ndani! Ametoka wapi tena?
Nimepiga magoti, nikaangalia chini. Pale pembeni, ndani ya chandarua, kwenye kona kinakoning'inia kitanda cha mwanangu, kuna kitambaa cheupe cha kudarizi. Nimekifunua. Glasi ya mezani, ile ya sikukuu; mama mkwe aliificha nilipokuwa namwaga zile nyingine! Eti mzee akikosa maji mezani, ataijua kona yake. Hapo ndipo alipokuwa analala. Viluwiluwi, wengine tayari wameota mabawa. Nimepiga ukelele.
Mama mkwe kaja mbio. Nikadhani tutapigana. Akainama, akaiinua glasi hadi dirishani. Akaitazama, mara ya kwanza kuitazama kweli. Uso ukamsawijika.
"Yalaa," akasema. "Haya ndiyo niliyokuwa nakunywesha, Tero?"
Ameitoa nje mwenyewe, ameimwaga juani, kwenye saruji. Bado yuko huko, anaongea naye: "Nisamehe. Kanywe kwa Gaspar kwanza, mimi nina mgonjwa." Anaisugua glasi kwa majivu na hataki kuiacha.
Mimi nimemkumbatia Lalo. Ana kidoa chekundu nyuma ya sikio. Shingo yake ina joto — au ni mkono wangu? Namwita mama mkwe aje naye amguse.