Ua wa Miiba Uliokatwa Mapema

Jumatatu, 20 Januari

Moshi tena. Nimeamka nakohoa mpaka machozi. Sakafu ya chumba hiki hupashwa moto na bomba la moshi linalopita chini yake, na bomba limeziba — joto linakwenda kusikojulikana, moshi unakuja kwangu. Mimi, mzaliwa wa kwanza wa Mfalme!

Nimepiga kelele dirishani. Mama Sun-deok, mwenye nyumba, ndiyo kwanza anatoka kupiga mbizi, nywele zinadondosha maji, kapu la konokono wa baharini begani. Akasema nikohoe kistaarabu, majirani watadhani kaongeza nguruwe. Kuhusu bomba: mdomo wake uko nyuma ya chumba, katikati ya ua wa miiba ninamofungiwa. Nani aukate huku mungu wa lango anatazama? Nivumilie, miungu wanaondoka Jumamosi.

Kila mwaka ni hivi. Miungu wa shaba walio katika kila nyumba, wa lango, wa jiko, wa choo, hupaa kwenda kutoa ripoti juu, na wapya hushuka baada ya wiki. Wiki hiyo hakuna jicho linaloona. Kwa hiyo kisiwa kizima cha Tamna kinahama nyumba, kinakarabati vyoo, kinavunja kuta. Wiki nyingine zote mtu hathubutu kugusa hata msumari.

Baba mdogo alimwua baba, akakalia kiti chake, akanitupa huku kwenye upepo na uji wa shayiri. Hakuniua. Si huruma! Miungu hutii mwandiko wa tumbo la kwanza tu, yaani uzao wa baba. Tukifa mimi na dada yangu Hwa-in, hakuna atakayeshuka tena. Ananifuga, basi, kama Mama Sun-deok anavyofuga nguruwe wake.

Jumatano, 22 Januari

Moshi. Nimemwambia tena. Nimemwambia na mchana. Akaniita Mheshimiwa Kikohozi mbele ya wanawake wenzake, wakacheka mpaka mmoja akaangusha kisu chake. Sina cha kuandika.

Ijumaa, 24 Januari

Siku mbaya.

Kulipokucha nikasikia mundu nyuma ya chumba. Mama Sun-deok anakata miiba! Jirani yake Man-ok alikuwa amesimama juu ya ukuta wa mawe, anamwambia taa za macho ya mungu wa lango zimezimika, mwaka huu kawahi kuondoka, kata tu mwenzangu. Akakata. Akasukuma ufito ndani ya bomba, akatoa kiota cha ndege na masizi debe zima. Sakafu ikaanza kupata joto. Nikalala chali nikacheka peke yangu — raha!

Jua likapanda. Barafu nyembamba ikayeyuka juu ya macho ya mungu wa lango. Taa zilikuwa zinawaka muda wote. Umande ulioganda, basi, ni huo tu!

Akageuza kichwa. Shingo yake ililia kama bawaba kavu. Akamtazama Mama Sun-deok, na mundu ukaanguka.

Mkono wake wa kulia umekuwa jiwe. Sisemi kwa mfano. Jiwe lenyewe la hapa kisiwani, jeusi, lenye matundu, kuanzia vidole mpaka karibu na kiwiko. Huku wanaita kushikwa. Linapanda taratibu kuelekea moyoni. Dawa yake ni moja: mungu mpya wa lango akiingia katika nyumba, hajui makosa aliyoyaona mwenzake, na aliyeshikwa huachiwa. Wengine huwahi kupona. Wengine hawawahi.

Man-ok alijitupa chini akilia. Mama Sun-deok akamwambia, "We Man-ok! Konokono chini ya bahari unamwona, taa ya mlangoni kwangu huioni? Inuka, unalowesha mboga."

Hakusema ni kwa sababu ya kikohozi changu. Hakuna aliyesema. Bora wangesema!

Jumamosi, 25 Januari

Wameondoka adhuhuri. Mlio kama nyuki, mistari ya nuru kutoka kila paa, halafu kimya. Mungu wa lango wetu alipaa bila kutazama nyuma. Kenge yule!

Dakika ile ile kelele zikaanza kijiji kizima. Nyundo, misumeno, watu wanapishana na makabati migongoni. Askari wangu, Afande Tak, anayepaswa kunilinda wiki hii, alikuja akachungulia, akaona ua una tundu la kupita ng'ombe. Akakuna kichwa. Akasema shemeji yake anahama leo na ana jiko la chuma zito ajabu, kwa hiyo nisitoroke mpaka kesho. Akaondoka.

Nimetembea mpaka ufukweni kwa mara ya kwanza tangu niletwe. Nikachukia kila kitu. Nikarudi.

Jumatatu, 27 Januari

Leo mtu ameingia uani na kabati mgongoni. Akalitua, akanipigia magoti. Waziri Pyo! Waziri wa baba, mzee yule yule, ndevu kanyoa, jasho linamtoka. Alifika kwa nyambizi, akapita kijiji kizima na askari wakamsaidia kushika kabati kwenye kona.

Habari zake nimezimeza kama miiba ya samaki. Hwa-in yuko hai. Siku ya kwanza ya majira ya kuchipua, Jumatatu ijayo, baba mdogo anamwoza kwa mwanawe. Akizaa, mtoto atakuwa na mwandiko wetu, na hapo mimi si kitu, dada si kitu. Ujumbe wake kwangu ni mfupi: kaka asichelewe.

Mpango wa Pyo hauna maneno mengi. Miungu wapya wa Tamna wanashuka Jumamosi kwenye ziwa la kileleni. Mwaka mwingine wowote hujigawa wenyewe majumbani. Lakini mtu wa damu yetu akisimama pale, mkubwa wao lazima amwulize waende nyumba gani, na hawezi kupiga hatua mpaka ajibiwe kwa maandishi. Niandike: ikulu, wote. Maelfu ya miungu wa shaba! Baba mdogo hatapata hata muda wa kuvaa viatu.

Nikamwuliza, na hapa? Akasema hapa wapi, Mtukufu?

Hapa! Ukuta wa bahari unashikiliwa na miungu. Wanawake wanapozama, mungu wa bahari ndiye anayewapa pumzi ya kurudi juu. Na Mama Sun-deok anasubiri wa lango.

Pyo akanitazama kama nimemwuliza habari za kuku. Akasema ni mwaka mmoja tu. Wengi watahama, baadhi watakufa, na nikishakaa kitini nitawajengea mnara mzuri. Baba yako, akasema, asingeuliza.

Kweli. Baba asingeuliza. Na mimi nilimpenda baba.

Jumatano, 29 Januari

Jiwe limepita bega. Sasa hawezi kulala kwa ubavu. Namlisha mimi — supu ya mwani, kijiko kwa kijiko, na kila kijiko anakikosoa. Kimejaa mno. Kimepoa. Huko ikulu walikuwa wananilisha kwa beleshi?

Kisha akasema, bila kunitazama, kabati lililoletwa juzi mbona halina kitu ndani? Watu wanahama na vyombo. Mtu anayehama na kabati tupu amekuja kuchukua.

Nikakoroga supu. Akaniuliza nina nani huko kwetu. Nikamwambia habari za dada. Zote. Ndoa, mtoto, karatasi, miungu. Sijui kwa nini nilimwambia. Nilitaka anitukane, nadhani, nipate hasira ya kuondoka nayo!

Hakutukana. Alitafuna kipande cha figili mpaka kikaisha. Akasema naye alikuwa na mdogo wake wa kike, alizama mwaka ambao mungu wa bahari alichelewa kushuka siku moja tu. Alimtoa majini mwenyewe. Akasema angekuwa na karatasi siku ile, angeandika chochote. Angeuza kijiji.

Nikasema basi unaniambia niende?

"Nakuambia supu imepoa," akasema. "Na ukienda, usisahau lango. Mimi nimo ndani."

Namchukia. Namchukia kwa kuwa hakulia. Mtu akikulilia unaweza kumpiga teke ukaenda zako. Huyu anataka kijiko chenye moto.

Ijumaa, 31 Januari

Nakwenda. Dada ni dada. Nimefunga nguo mbili na machenza manne.

Pyo alitangulia njiani. Mama Sun-deok alikuwa amelala, au amefumba macho. Jiwe liko hapa, chini ya titi. Pumzi yake fupi. Man-ok amekaa naye, hakunisalimu.

Kwenye lango nikafanya kama kila mtu wa hapa anapotoka: nikapandisha miti yote mitatu inayokinga lango, maana yake wenyewe hawapo. Nimeifanya bila kufikiri, mimi niliyekuwa nacheka milango yao ya vijiti! Nikapiga hatua kama kumi. Nikakumbuka. Miti ikiwa juu, mungu wa lango hupita moja kwa moja, haingii nyumba isiyo na watu.

Nikarudi. Nikaishusha yote mitatu. Pyo akauliza nimesahau nini, nikamwambia machenza.

Sasa kwa nini nimeishusha? Kama kesho hashuki mtu?

Jumamosi, 1 Februari

Kileleni. Theluji mpaka magotini, upepo unakata masikio. Vidole havishiki kalamu vizuri. Pyo amenijengea kijukwaa cha mawe nisimame kifalme. Nimekaa chini.

Wamekuja. Sikutegemea wawe wadogo hivi! Wanatelemka ziwani mmoja mmoja kama watoto wanaotolewa kwenye beseni, shaba yao bado ina joto, theluji inafuka wanapokanyaga. Wanatazama huku na huku. Mmoja ameokota jani.

Mkubwa wao amenijia. Ameinama. Ana sauti ya mtu asiyejua kusema uongo. Ameuliza kama Pyo alivyosema angeuliza: "Twende nyumba gani?"

Nikamwambia asubiri. Anasubiri. Wote wanasubiri, mlima mzima umejaa macho.

Pyo amenikunjulia karatasi yake ya hariri. Nimeinyoshea mikono, upepo ukaichukua. Naapa ni upepo. Labda nililegeza vidole. Kwa hiyo naandika kwenye hili daftari, nitachana ukurasa. Pyo yuko nyuma yangu, anarudia taratibu kama mwalimu wa chekechea: i-ku-lu, Mtukufu. Wo-te.

Hwa-in alikuwa anaogopa radi. Alikuwa anakuja kitandani kwangu na mto wake mwenyewe, maana alisema wangu unanuka. Sasa atakuwa anasikiliza kila kishindo akidhani ni mimi. Jumatatu atavalishwa. Dada, ningekuwa na mikono miwili ya kuandikia! Nisamehe. Hapana, usinisamehe, nichukie, una haki, mimi ningekuchukia.

Mkubwa wao ameuliza tena. Nyumba gani?

Sijui nyumba nyingine. Ikulu nimesahau hata mlango wake uko upande gani, na hii naijua gizani. Naandika:

Shukeni wote majumbani kwa watu. Wa lango aende mbio, asingoje wenzake. Njia ya mashariki, upite kisima cha wapiga mbizi, nyumba ya tatu. Utaona ua wa miiba umekatwa nyuma, usiutazame, si kosa la mtu —

Pyo ameacha kunifundisha. Anasoma begani kwangu. Chuma kinakwaruza nyuma yangu: ni upanga, anauchomoa polepole, mzee wa watu. Anasema, Mtukufu, weka kalamu chini. Analia.

Bado kidogo. Lango lina miti mitatu. Yote iko chini. Usipite, mwenyewe yumo nd