Malkia Aliyejenga Kijiji cha Mchezo

Bibi yangu,

Shikamoo huko uliko. Nimejifungua! Mtoto wa kike, na nakuandikia kutoka chumbani kwako, katika nyumba ile ile ya udongo hapa mjini Ibra ambayo Ami Nasor, mwanao, kila siku alitaka kuibomoa ajenge villa.

Unaikumbuka safari yetu ya Ufaransa, tulipomfuata Ami kwenye biashara zake? Alitupeleka kuona jumba la wafalme, dhahabu mpaka darini, nawe ukalalamika miguu inauma. Lakini tulipofika nyuma kule bustanini, kwenye kijiji ambacho malkia alijijengea ili acheze maisha ya shamba, miguu ikapona ghafla! Mapaa ya nyasi, bata, kinu cha maji; mimi nakukimbilia nyuma. Kwenye kila mlango ulisimama ukapiga hodi, Wazungu wanatutazama. Ami aliona haya.

"Mama, hapana mtu humo. Yallah, twende."

"Kijiji gani hichi, hapana hata wa kukwambia karibu?"

Kisha mwongoza watalii akatueleza kwamba nyufa za ukutani zilichorwa kwa rangi, makusudi, nyumba zionekane kuukuu. Nilipokufasiria, ulicheka mpaka kilemba kikakuvuka.

"Nasor! Wallahi malkia mzima kaweka fundi amchoree nyufa! Sie tunazo za Mungu, nawe wataka kuzivunja!"

Ami alicheka, ila hakuahidi kitu. Siku ile nilikupenda mno, Bibi, na mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu.

Ulipotutoka niliogopa kweli, maana tanga halijaisha vizuri Ami akaleta mtu wa kupima kiwanja. Basi nilipokaribia kujifungua nikamwomba jambo moja tu, arubaini yangu ya uzazi niikae kwako. Mzazi hakataliwi. Alikubali huku amenuna, akasema nikitoka tu, tingatinga linaingia.

Na arubaini imekwisha jana! Nilikuwa nimeshafunga nguo. Ami akaja, akampakata mtoto, akaona vipele vya joto vimemjaa shingoni. Akazunguka chumba kizima na mtoto begani, anagongagonga kuta kwa kidole.

"Mwanangu," akaniuliza, "AC tuitie ukuta gani?"

Mjukuu wako, pamoja na kitukuu wako anayenyonya hapa.