Nyuzi za Utumbo

Nyeri, Jumanne

Kwa hivyo si mimi nitakayezipiga nyuzi hizo. Njeri, mwimbaji wa bendi yetu ya rokabili, ile roki ya zamani ambayo nyuzi za besi hupigwa makofi, ninayempenda na sijathubutu kumwambia, alinipigia simu ofisini nichague nyuzi mpya za besi yetu kubwa ya kusimama.

"Za chuma zitanikata vidole nikizipiga makofi," nikasema. "Afadhali za utumbo wa kondoo. Ni laini, na zinalia vizuri."

"Utumbo? Ati wa kujazwa nyama kama mutura, karani?" Akacheka. Kisha akaongeza: "Ni za Maina. Tunaoana. Atapiga besi badala yako."

Ningeweza kumwambia achukue za chuma. Nilifikiria vidole vya Maina vikitoka damu, nikafurahi kidogo.

Lakini Njeri ndiye atakayevishika vidole hivyo.

"Za utumbo," nikarudia.